Sikio la Profesa Turner

Wanaochunguza historia ya watu weusi waliotawanywa na biashara ya utumwa wana shida moja kubwa: waliovushwa Bahari ya Atlantiki hawakuachiwa nafasi ya kuandika. Daftari za meli zilihesabu vichwa. Vitabu vya mashamba viliandika umri, bei na jina ambalo bwana alipenda kumpa mtumwa wake. Lugha aliyoizungumza mtu huyo siku anapakiwa, nyimbo alizozijua na jina aliloitwa na mama yake havikuwa na safu katika daftari. Aliyeonyesha kwamba sehemu ya hayo ilikuwa bado hai, midomoni mwa wajukuu na vitukuu, ni Lorenzo Dow Turner, profesa mweusi wa Kiingereza ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza.

Turner alizaliwa mwaka 1890 katika mji wa Elizabeth City, jimbo la North Carolina. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard, akapata shahada ya uzamili Harvard mwaka 1917 na udaktari Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1926. Fani yake ilikuwa fasihi, na tasnifu yake ilihusu hisia za kupinga utumwa katika maandishi ya Kimarekani. Hakuna kilichoashiria kwamba angegeukia isimu. Katika kiangazi cha mwaka 1929 alikwenda kufundisha kwa muda katika chuo cha watu weusi huko Orangeburg, South Carolina, akawasikia wanafunzi wawili wa kike wakiongea wao kwa wao kwa namna asiyoielewa. Wengine waliowasikia walidhani ni Kiingereza cha shamba kilichoharibika. Turner hakuridhika. Swali la lugha ile lilimganda, na hakulitua kwa miaka 20.

Wasichana wale walizungumza Kigullah. Wazungumzaji wake, ambao Georgia huitwa pia Wageechee, wanaishi katika visiwa na mwambao wa South Carolina na Georgia. Utajiri wa mwambao huo enzi za ukoloni ulitoka katika mpunga, na wenye mashamba walijua kwamba watu wa pwani ya magharibi ya Afrika, kuanzia Senegal na Gambia hadi Sierra Leone na Liberia, walikuwa mabingwa wa kilimo hicho. Waliwanunua kwa sababu ya ujuzi wao. Wengi walipitia ngome ya Bunce Island, mdomoni mwa mto wa Sierra Leone, ambako mfanyabiashara Richard Oswald wa London aliwapakia watu, na wakala wake Henry Laurens akawauza Charleston kwa kamisheni. Wengine waliletwa kutoka Kongo na Angola. Homa za mabwawa ya mpunga ziliwafukuza mabwana kwa miezi mingi ya mwaka, na visiwa vingi havikuwa na madaraja. Kwa hiyo watu weusi waliachwa peke yao kuliko kwingine kokote Marekani.

Kabla ya Turner, walioandika kuhusu Kigullah walikuwa Wazungu wa Kusini, maarufu wao akiwa Ambrose Gonzales, aliyechapisha hadithi zake mwaka 1922. Kwa maoni yao, Kigullah ni Kiingereza cha wakulima wa zamani kilichokwama katika ndimi nzito na zembe. Dharau hiyo ilivaa joho la elimu, ikanukuliwa chuo hadi chuo. Hakuna hata mmoja wao aliyejifunza lugha moja ya Kiafrika ili kulinganisha. Turner aliliona hilo na kulisema waziwazi katika kurasa za kwanza za kitabu chake: waliposikia neno wasilolijua, walilitafutia asili katika Kiingereza kwa nguvu. Mfano wake mmoja ni neno la Kigullah linalomaanisha mnene, *dafa*, ambalo wasikilizaji hao walilichukua kuwa Kiingereza kilichokosewa. Turner alilikuta kwa Wavai wa Liberia na Sierra Leone, likiwa limeundwa kwa maneno mawili, mdomo na kujaa.

Kuanzia mwaka 1932 alizunguka visiwani na mashine nzito ya kunasia sauti kwenye sahani. Alikwenda Edisto, St. Helena, Wadmalaw, Sapelo, St. Simons na kwingineko. Aliwatafuta wazee waliozaliwa papo hapo, wa wazazi wa papo hapo. Rangi yake ilimfungulia milango, lakini haikutosha, maana mgeni ni mgeni. Yeye mwenyewe amesimulia kisa cha mtafiti mwenzake asiyekuwa mweusi, aliyefuatana naye siku moja na kumsemesha mzee mmoja kwa sauti ambayo mzee hakuipenda. Mahojiano yalikufa pale pale. Radhi ziliombwa, hazikusaidia. Turner aliporudi baadaye peke yake, la kwanza aliloulizwa ni kwa nini alimleta Mzungu. Aliliweka tukio hilo kitabuni kama sehemu ya mbinu za utafiti, na alifanya vyema. Mtu aliyedharauliwa kwa vizazi haachi maneno yake mikononi mwa kila anayebisha hodi.

Kilichowapita wote waliomtangulia ni majina. Kila Mgullah alikuwa na majina mawili: moja la Kiingereza, la shule, kanisa na ofisi ya serikali, na jingine la nyumbani, alilopewa utotoni na kuitwa na watu wake. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyekuwa na jina la ukoo nyumbani na la ubatizo shuleni, hilo halihitaji maelezo. Wageni hawakulijua, kwa sababu hawakuuliza, na kwa sababu jina la nyumbani halitajwi mbele ya kila mtu. Turner aliuliza. Katika maneno takriban 4,000 yenye asili ya Afrika aliyoyakusanya, zaidi ya 3,000 yalikuwa majina ya watu. Yapo ya siku ya kuzaliwa, ya hali ya hewa saa ya uzazi, ya umbo la mtoto na tabia yake. Wengi wa walioitwa hivyo hawakujua tena maana. Walijua tu kwamba bibi aliitwa hivyo.

Mwaka 1936 Turner alikwenda London, akakaa mwaka wa masomo katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika akijifunza lugha za Afrika Magharibi na kuwachezea sahani zake wanafunzi na wasomi kutoka makoloni. Kitabu chake, *Africanisms in the Gullah Dialect*, kilitoka mwaka 1949. Kando ya kila neno kuna neno la Kiyoruba, Kimende, Kiwolofu, Kikongo, Kimbundu, Kiewe au lugha nyingine linalofanana nalo.

Kati ya yote aliyoyanasa, lipo jambo dogo linalopita mengine kwa uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika kijiji cha Harris Neck, Georgia, mwanamke aliyeitwa Amelia Dawley alimwimbia wimbo mfupi wa mistari mitano ambao mwimbaji mwenyewe hakuuelewa. Haukuwa na neno la Kiingereza. Aliupokea kwa wanawake waliomtangulia, na aliuimba kwa mdundo mwepesi, kama wimbo wa watoto. Turner aliunasa, na baadaye mwanafunzi kutoka Sierra Leone aliyekuwa akisoma Marekani, Solomon Caulker, akautambua kuwa ni Kimende. Turner aliuweka kitabuni pamoja na tafsiri. Hadi leo hayo ndiyo matini marefu kuliko yote ya lugha ya Kiafrika yanayojulikana kuhifadhiwa na familia ya Kimarekani tangu enzi za utumwa.

Hata kabla ya kuchapishwa, matokeo ya Turner yaliingia katikati ya ugomvi mkubwa wa kitaaluma. Mwanasosholojia mweusi E. Franklin Frazier alishikilia kwamba utumwa uliwapokonya Wamarekani weusi karibu kila kitu cha Afrika, na aliogopa kwamba kusema vinginevyo kungewapa wabaguzi hoja ya kuwaita wageni wasioweza kuingia katika taifa. Melville Herskovits, mwanaanthropolojia, alidai kinyume chake katika kitabu chake cha mwaka 1941, akitegemea kwa kiasi matokeo ya Turner yaliyokuwa hayajachapwa. Hofu ya Frazier ilikuwa na sababu, lakini ushahidi ulikuwa upande wa Turner. Mwaka 1940 Frazier na Turner walisafiri pamoja hadi Bahia, Brazil, kila mmoja na maswali yake. Frazier alihoji familia. Turner alirudi na sahani tele, zikiwemo sauti za viongozi wa dini ya kandomble kama Martiniano do Bonfim na Mama Menininha wa Gantois, wakiimba kwa Kiyoruba cha mababu zao.

Aliporudi alisaidia kuanzisha mtaala wa masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Fisk, miaka ya 1943 na 1944, wakati vyuo vingi vikubwa vya Wazungu vilikuwa havijalifikiria jambo hilo. Wanafunzi wa chuo kimoja mjini San Francisco walipogoma mwaka 1968 hadi wakapata idara ya masomo ya watu weusi, msingi wa elimu waliyoidai ulikuwa umeshamwagwa na watu kama yeye, katika vyuo maskini na kwa ruzuku za kubembeleza. Alifariki Chicago mwaka 1972. Huenda wengi wa waliogoma hawakuwahi kusikia jina lake.

Wanaisimu waliofuata wamemkosoa. Ilitokea akaliwekea jina moja asili tatu au nne, kutoka lugha zilizo mbali, kwa sababu tu sauti zinafanana. Mwingereza P. E. H. Hair alionyesha mwaka 1965 kwamba nyimbo na vipande vya hadithi vilivyokumbukwa vinaelekeza Sierra Leone kuliko kwingine. Salikoko Mufwene, mzaliwa wa Kongo anayefundisha Chicago, amesisitiza mchango wa lahaja za Kiingereza zilizokutana na lugha hizo mashambani. Ukosoaji huo ni wa haki, na umewezekana kwa sababu Turner aliacha data ya kukosolewa.

Wimbo wa Amelia ulilala kitabuni kwa miaka 40. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Joseph Opala, mwanamuziki-mtafiti Cynthia Schmidt na mwanaisimu wa Sierra Leone Tazieff Koroma waliurudia. Koroma alitambua ndani yake neno la lahaja ya kusini, na hilo likapunguza eneo la kutafuta. Schmidt alizunguka vijiji akiucheza, na katika kijiji cha Senehun Ngola akamkuta Bendu Jabati, mwanamke aliyejua wimbo unaofanana nao. Alifundishwa na bibi yake. Haukuwa wimbo wa watoto kamwe. Ulikuwa wa mazishi, wa ibada ya kumvusha marehemu mto, ambapo wanawake walikwenda kaburini, wakapika wali na kumuaga kwa mara ya mwisho mtu wao. Kwa Wamende, uzazi na mauti ni kazi za wanawake, na hiyo ndiyo sababu wimbo ulipita kwa mama na binti pande zote mbili za bahari. Dini mpya zilipoenea, ibada ilififia. Bendu alieleza kwamba bibi yake alimwonya asiuache, kwa kuwa siku moja ungewatambulisha ndugu waliopotea.

Mwaka 1990 watafiti walimpata huko Georgia binti wa Amelia, Mary Moran, akiwa mtu mzima wa miaka 69 na wimbo wote kichwani. Vita vya Sierra Leone vilizuka mwaka uliofuata, na Senehun Ngola ikateketezwa. Familia ya Moran ilifika huko mwaka 1997, miezi michache kabla ya serikali iliyowapokea kupinduliwa. Mkutano wa wanawake hao wawili umo katika filamu ya *The Language You Cry In*, ya mwaka 1998.

Maswali mengine hayajapata jibu. Jina la mwanamke wa kwanza aliyeuvusha wimbo halijulikani. Haijulikani pia ni lini maana yake ilikatika: kama kuna mama aliyeificha kwa makusudi, akiona heri mwanawe acheze kuliko alie, au kama ilitoka kidogo kidogo bila mtu kuiona ikienda. Wala haijulikani ni nyimbo ngapi za namna hiyo zilikufa na wenyewe kabla ya 1932 kwa kukosa mtu wa kuzisikiliza.

Lipo na la ardhi. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, watu weusi wa Harris Neck walikuwa na mashamba yao, makanisa yao na biashara ya chaza, na hapo ndipo Amelia alipoimbia mashine ya Turner. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ililitwaa eneo hilo, zaidi ya ekari 2,600, kwa ajili ya uwanja wa ndege wa kijeshi, na familia zikapewa muda mfupi tu wa kuhama. Nyumba zilibomolewa. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, ardhi haikurudishwa kwao, na mwaka 1962 ikafanywa hifadhi ya ndege wa porini. Wazawa walipiga kambi humo kudai haki mwaka 1979, baadhi wakafungwa, na madai yao yamefikishwa mahakamani na hata mbele ya Bunge mjini Washington. Sahani za Turner zimetunzwa vizuri katika Chuo Kikuu cha Indiana. Ardhi ya Harris Neck bado iko mikononi mwa serikali.