Kiwanda Kidogo cha Visu Nyumbani



Kila mwenye shamba la karafuu ana haja ya panga na kisu. Kabla ya msimu hatuna budi kufyeka chini ya mikarafuu, na panga lisilokaa makali humchosha mfyekaji na kumpotezea siku. Kwa hiyo si ajabu kijana wa mtaani akitaka kufua visu na mapanga uani kwao. Kazi hii ni ya halali na ya faida. Lakini imo katikati ya nyumba za watu, na jambo la kwanza la kufikiri si nyundo, bali ni moto: utakaa wapi?

Wenzetu wa bara walilijua jambo hili zamani. Chukueni mfano wa Kasansa, katika Bonde la Rukwa, Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012. Katika nyanda za juu za jirani, Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, zilizopita kimo cha mtu. Tanuri hizo zilijengwa nje ya vijiji, penye kuni na udongo wa vichuguu. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri ndogo, vintengwe, kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa. Kazi ya kuyeyusha ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, chuma cha kigeni kilipoenea.

Leo anayetaka kufua visu, akiwa Kasansa au Wete, hahitaji moto ule mkubwa. Springi ya gari kuukuu ni pua tayari, yaani chuma kigumu cha kufaa makali. Moto mdogo wa makaa watosha, nao waweza kukaa uani kwa masharti yafuatayo.

Mahali. Kibanda kiwe cha mabati, wazi pembeni, sakafu ya udongo, mbali na paa la makuti au nyasi. Moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua. Huku visiwani tukumbuke pepo mbili: mahali palipo salama wakati wa Kaskazi paweza kutupa cheche kwa jirani wakati wa Kusi.

Kelele. Fuawe lifungwe barabara juu ya gogo lililozikwa ardhini. Likitikisika hulia zaidi. Kazi ya nyundo ifanywe mchana, isiingilie adhana wala usingizi wa mgonjwa.

Chuma. Msipashe moto bati wala bomba lililopakwa zinki. Moshi wake huleta homa, na ukizidi ni hatari kubwa.

Matiko. Kisu kikishapata umbo, kipashwe moto mpaka sumaku isikishike, kiasi cha nyuzi 770 za sentigredi, kisha kiongezwe moto kidogo tu. Hapo kitumbukizwe katika mafuta yaliyopata vuguvugu. Mafuta ya nazi yafaa. Maji hupoza upesi mno, na pua ya springi yaweza kupasuka. Kikitoka hapo ni kigumu lakini huvunjika kwa urahisi, basi kisafishwe na kipashwe tena polepole, kama nyuzi 200 kwa saa moja au mbili, mpaka kigeuke rangi ya majani makavu. Anayeruka hatua hii huuza kisu kitakachokatika mkononi mwa mnunuzi.

Mafuta hayo yawekwe katika chombo cha chuma chenye mfuniko. Yakishika moto, yafunikwe. Yasimwagiwe maji kamwe. Ndoo ya mchanga iwe karibu siku zote, na watoto wawe mbali.

Ruhusa. Huku kwetu mwenye nia aanze kwa Sheha na majirani zake. Kasansa aanze kwa serikali ya kijiji. Bara lipo pia shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo.

Jirani aliyeulizwa kabla ya moto kuwashwa huwa mnunuzi wa kwanza. Asiyeulizwa huwa mshitaki wa kwanza. Basi wanachama wenye vijana wa kazi hii wawaambie wazunguke nyumba za jirani kwanza, ndipo wakatafute springi.