Mfarishi wa Vipande vya Mama

Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga. Mimi nimejifunza upande wa pili wa methali hiyo: kipande kwa kipande, hata masalio ya fundi huwa nguo ya kumfunika mtu.

Marehemu mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akishona nyumbani kwetu Shela, Malindi. Kilichobaki chini ya makasi hakukitupa. Alikitia katika gunia mvunguni mwa kitanda: leso, bafta, kaniki, mabaki ya kanzu na ya nguo za watoto. Alipofariki tuligawana mirathi, mimi na dada yangu mkubwa aliyeolewa Takaungu, na katika kugawana huko tukakosana kwa ajili ya cherehani. Yalisemwa maneno ambayo siyarudii hapa. Kwa miaka 3 tukawa twaonana matangani tu. Gunia la vipande lilibaki kwangu, kwa sababu hakuna aliyelihesabu kuwa ni mali.

Basi kusi ilipoanza kuvuma na mvua kutufungia ndani, niliazimia kushona mfarishi. Maisha yangu yote sikuwa nimeshona ila kifungo. Wenzangu wa barazani walinicheka, wakaniuliza kama nitavaa na buibui. Niliwajibu kwamba yapokewa kwa Bibi Aisha kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Na Sayyidna Umar alitawala dola kubwa na nguo yake ina viraka. Tena ni wanaume wangapi wa Lamu wanaoshona kofia tunazovaa siku ya Idi? Baadhi yao walinyamaza.

Ama kazi yenyewe, niliiharibu. Nilikata kwa macho bila ya kipimo, nikaunga kitambaa kipya na kilichochakaa, nikajaza usufi kama ajazaye mto. Nilipoufua, kile kipya kilinywea kikamchana jirani yake, na usufi wote ukakimbilia pembe moja ukawa donge. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka kabla ya kushika makasi: vitu vya maiti ni vya warithi wote, hata kikiwa kipande cha shibiri moja.

Nilipanda matatu, nikapita daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka 1991 likatuondolea foleni ya feri, nikafika Takaungu na bahasha yangu kwapani. Dada aliupokea mfarishi, akaugeuza nje ndani, akatazama mishono yangu kwa muda mrefu.

"Umekata vitu vya mama bila ya kuniuliza," alisema, "na umevikata vibaya."

Sikuwa na jawabu. Nilimwomba radhi kwa vipande, kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, nikamwomba radhi kwa cherehani. Alikaa kimya. Halafu akamwita mjukuu wake, akamwagiza chai na kisanduku cha sindano.

Haya ndiyo aliyonifundisha, nami nayaandika kwa faida ya msomaji. Kwanza, fua vipande vyote kabla ya kukata, ili cha kunywea kinywee mapema na cha kutoa rangi itoke. Pili, tenga pamba na nailoni, maana hazizeeki pamoja. Tatu, kata kwa kufuata uzi wa kitambaa, kwa kadibodi ya inchi 9 kila upande. Ukiacha nusu inchi ya mshono kila ukingo, hubaki inchi 8. Vipande 48, safu 8 za vipande 6, hukupa futi 4 kwa futi 5 na inchi 4. Nne, usitie usufi. Tandika blanketi kuukuu katikati na marekani chini, kisha piga bandi kupita tabaka zote tatu ili kitu kisitembee.

Nilipokuwa nikishona niliwaza kwamba sisi watu wa pwani tumevaa viungo tangu zamani. Husimuliwa kuwa leso yenyewe ilizaliwa hivyo katika karne ya 19: wanawake walinunua vitambaa vya mkono, vile Wareno waitavyo lenço, wakaunga sita, vitatu juu na vitatu chini, wakajifunga. Na hiyo marekani yetu ilichukua jina la nchi iliyotoka, ilipokuwa ikiletwa na majahazi ya Salem kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vilivyoanza mwaka 1861.

Na ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka, India, wako Wasidi, watu ambao asili ya wazee wao ni Afrika, wengi wao wakiwa wamepelekwa utumwani. Wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi. Huanza pembeni, wakazunguka wakielekea katikati, na kila pembe huweka kitambaa kilichokunjwa, kiitwacho phula, yaani ua. Bila ya maua hayo kazi haijatimia. Kati ya Wasidi wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu.

Mfarishi wetu ulichukua majuma 5. Nilikwenda Takaungu kila Alhamisi na kurudi Ijumaa baada ya sala. Karibu na mwisho tulipungukiwa na vipande viwili. Dada aliingia ndani akatoka na nusu ya leso ya mama, ambayo hakunambia siku zote kuwa anayo. Jina la leso lilikuwa limekatika: kwake ilisomeka RA. Nilipekua gunia hadi nikapata kipande chenye SUBI. Tuliviunga ubavu kwa ubavu, ingawa herufi hazikulingana sawasawa.

Mfarishi sasa unamfunika yule mjukuu aliyeleta chai. Cherehani ingali kwangu Malindi. Tumekubaliana kwamba baada ya kusi ihamie Takaungu, nami nitakwenda kuishonea huko. Ewe msomaji, kabla hujalitia moto gunia la vipande vya mzazi wako, uliza kwanza ni nani mwingine aliye na nusu yake.