Samaki wa Kuchoma: Moto, Ngozi na Afya

Anayechoma samaki nyumbani kwa mara ya kwanza huwa na kilio kile kile. Ngozi imeng'ang'ania wavu, nyama imemeguka, nusu ya changu imedondokea kwenye makaa na iliyobaki ni nyeusi nje, mbichi kwenye mwiba. Wengi hudhani moto ulikuwa mdogo. Wanaongeza mkaa, wanapepea kwa nguvu, na samaki wa pili anaungua kuliko wa kwanza. Kumbe mara nyingi kilichowaponza ni haraka, na maji yaliyobaki kwenye ngozi.

Nyama ya samaki haikuumbwa kama ya ng'ombe. Ng'ombe hubeba uzito wake nchi kavu, hivyo misuli yake imefungwa kwa tishu ngumu ambazo huchukua saa nyingi kulainika. Samaki hubebwa na maji. Misuli yake imepangwa kwa matabaka mafupi yaliyoshikizwa na utando mwembamba wa kolajeni, na utando huo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana samaki aliyeiva humeguka kwa vidole, na ndiyo maana dakika chache za ziada zinatosha kumkausha. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani hushauri joto la ndani lifike nyuzi 63. Asiye na kipimajoto achome ncha ya kisu penye nyama nene, karibu na mwiba: nyama ikiwa nyeupe, haing'ai tena kama kioo, na inaachana na mfupa bila kuvutwa, samaki ameiva.

Kwa mwanafunzi, samaki mzima wa nusu kilo, awe changu, tasi au sato, ni mwalimu mzuri kuliko minofu. Ngozi na mifupa humshika asisambaratike, na ngozi hukinga nyama isipigwe na moto moja kwa moja.

Usalama wake lakini huanzia sokoni. Macho yawe yametuna na kung'aa, mashavu yakifunuliwa yawe mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Kwa jodari, nguru na vibua kuna sababu ya kuwa mkali zaidi. Samaki hawa wana asidi amino ya histidini kwa wingi. Wakikaa juani au kwenye ndoo isiyo na barafu, bakteria huigeuza kuwa histamini. Mlaji huwashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga na moyo unakwenda mbio, pengine kabla hata hajaondoka mezani. Histamini haiharibiwi na moto. Samaki aliyeharibika hivyo anaweza kuchomwa hadi akauke na bado akamdhuru mtu, tena bila kutoa harufu mbaya. Barafu tangu baharini hadi jikoni ndiyo kinga.

Samaki akishaparwa magamba, akatolewa matumbo na kuoshwa, akaushwe kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, nje na ndani ya tumbo. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo yenye uzito. Maji juu ya ngozi hayapiti nyuzi 100 mpaka yageuke mvuke, ilhali rangi ya kahawia na ile harufu inayowaita majirani huanza kwenye nyuzi 140 hivi. Ngozi iliyolowa huchemka kwanza, inalainika, kisha inanasa.

Achanjwe mara tatu kila ubavu, apakwe chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Ndimu ikikaa saa nzima hubadili protini kama moto ubadilivyo: nyama inakuwa nyeupe na ngumu, baadaye inavurugika. Weupe huo usimdanganye mtu, kwa kuwa ndimu haiui vijidudu vyote. Kabla ya kuwekwa jikoni, viungo vinavyochuruzika vifutwe, na samaki mwenyewe apakwe mafuta kidogo.

Makaa yasubiriwe mpaka yavae majivu na mwali utulie. Kiganja kikishikiliwa juu ya wavu, mtu aweze kuhesabu hadi nne au tano kabla ya kukiondoa. Wavu nao upate moto sawasawa, kwa sababu protini ya samaki ikigusa chuma cha uvuguvugu hushikamana nacho. Baada ya hapo, mikono ikae mbali. Ngozi ikishakauka na kupata gamba, hujiachia yenyewe. Ikigoma kuinuka, bado. Dakika sita hadi nane kila upande humtosha samaki wa nusu kilo, na ageuzwe mara moja tu.

Subira hiyo ina faida nyingine. Mwaka 1977, watafiti wa Kituo cha Taifa cha Saratani cha Japani, akiwemo Takashi Sugimura, walitoa matokeo ya uchunguzi wa moshi na maganda meusi ya samaki na nyama za kuchoma: vilikuwa na vitu vinavyoharibu vinasaba vya bakteria. Mwaka 1980 kemikali moja ya kundi hilo, IQ, ilitambuliwa kutoka kwenye sadini wa kuchoma. Hutokea asidi amino na kreatini ya misuli zinapokutana na joto kali. Ushahidi mwingi umetokana na wanyama waliopewa dozi kubwa, hivyo hakuna haja ya mtu kumwogopa samaki wa kuchoma. Kilichoungua kikwanguliwe na kutupwa, basi. Kitunguu saumu na ndimu hupunguza kemikali hizo, kwa mujibu wa majaribio ya maabara. Mafuta yanayodondoka kwenye makaa huleta moshi wenye kemikali za aina nyingine, kwa hiyo kibua mnono achomwe pembeni mwa moto. Wavuvi wa pwani wanaobanika samaki kwa mti hufanya hivyo miaka yote.

Jiko la mkaa libaki nje, hata mvua ikinyesha. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Kila mwaka huua watu waliolala na jiko chumbani.

Anayetaka samaki wa kupaka asubiri samaki aive kwanza, ndipo ampake tui zito lililopikwa na ukwaju, kwa kuwa likiwahi kuwekwa huungua. Sahani iliyobeba samaki mbichi isimpokee aliyeiva. Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Jodari aliyelala mezani usiku kucha atupwe, maana kumpasha moto asubuhi hakuondoi histamini.