Laini Mbili, Mlima Mmoja: Parokia Zijiulize Nini Kabla ya Kulipia Intaneti ya Pili

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, siku Kanisa lilipoadhimisha Siku ya 58 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya Tanzania ikabaki na intaneti ya kusuasua, na mahali pengine ikakosekana kabisa. Aliyebadili laini ya simu siku ile, akidhani kasoro ni ya kampuni yake, huenda aliikuta laini ya pili nayo imelala. Kampuni zilikuwa mbili, lakini njia yao ya baharini ilikuwa moja.

Tunalikumbusha tukio hilo kwa sababu, huku Lushoto, intaneti si anasa ya ofisi tena. Zahanati ikishindwa kuhakiki kadi ya bima, mama aliyembeba mtoto mwenye homa huambiwa asubiri au alipe taslimu. Shule ina tarehe ya mwisho ya kusajili watahiniwa wa NECTA, na tarehe hiyo haingoji mtandao urudi. Ndiyo maana shauri la kuwa na watoa huduma wawili ni jema. Hata hivyo, linahitaji kueleweka kabla fedha za waamini hazijatumika.

Kifaa kinachohitajika ni ruta yenye milango miwili ya kupokelea intaneti. Ruta hiyo inaweza kupangwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya akiba: kazi zote hupita katika laini kuu, na laini ya pili hukaa ikingoja. Kila baada ya sekunde chache ruta hutuma ujumbe mdogo wa majaribio. Majibu yasiporudi mara kadhaa mfululizo, huhamishia kazi kwenye akiba. Hapa fundi awe mwangalifu. Akiiagiza ruta ijaribu mtambo wa kampuni ulio karibu tu, siku kama ile ya Mei ruta itaona kila kitu ni shwari, kwa maana mkongo ulikatika mbali sana na Lushoto. Jaribio lifanywe kwa kompyuta zilizo mbali, tena zaidi ya moja.

Namna ya pili ni kugawa mzigo, laini zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja. Wengi huvutiwa nayo, wakidhani kasi itajumlishwa. Sivyo. Kwa kawaida kila mawasiliano hubaki katika laini moja tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo faili moja kubwa halitashuka kwa kasi ya laini mbili. Watumiaji wengi kwa pamoja ndio watakaoona nafuu. Kuna tatizo jingine. Kila laini ina anwani yake, na mfumo wa benki unaoona mteja yuleyule akiingia kwa anwani hii na kisha ile waweza kumshuku na kumtoa. Dawa yake ni kuiwekea ruta sharti kwamba kazi za bima na benki zipite katika laini moja tu maadamu ni nzima, na video zipelekwe kwenye nyingine. Kwa zahanati ndogo tungechagua akiba bila kusita.

Benki na kampuni kubwa hufanya zaidi ya hapo. Hujipatia anwani zao wenyewe kutoka AFRINIC na kuzitangaza kwa watoa huduma wawili kwa kanuni iitwayo BGP, hata laini moja ikikatika dunia iendelee kuwafikia kwa anwani ileile. Parokia haihitaji gharama hiyo.

Inachohitaji ni kujua kila laini inapita wapi. Kila mtu wa huku anaijua barabara ya Mombo, Soni hadi Lushoto, na anajua maporomoko ya mvua yanavyoweza kuifunga. Malori mawili ya kabichi yenye wenyewe tofauti hukwama penye kifusi kimoja. Anayetaka kushuka itambidi azunguke Mlalo kwenda Mng'aro. Intaneti nayo ni vivyo hivyo. Kampuni mbili zaweza kukodi nafasi katika Mkongo wa Taifa uleule, au kufunga mitambo yao juu ya mnara mmoja wenye jenereta moja. Chini baharini pia: mwaka 2024, kampuni zenye nafasi katika mikongo mingine, kama TEAMS utokao Mombasa kwenda Fujairah, zilikuwa na pa kuhamishia mzigo wao.

Basi mhasibu wa parokia asiulize bei pekee. Aulize mnara upo kilima gani, mawasiliano yanashukaje hadi bondeni, na yanatoka nchini kwa mkongo upi. Ikiwa laini kuu ni ya waya, ya pili iwe ya simu kutoka kampuni nyingine, mnara wake ukiwa kilima kingine. Ruta ipewe betri, kwani umeme ukikatika laini zote mbili huzimika pamoja. Na mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla wagonjwa hawajafika, waya wa laini kuu uchomolewe kwa makusudi, kadi moja ya bima ihakikiwe kwa laini ya akiba, kisha waya urudishwe.