Baridi ya Uluguru: Maandalizi ya Kambi ya Mlimani

Mtu asimamaye mjini Morogoro mchana wa jua kali huiona milima ya Uluguru karibu kabisa, wala hadhani kwamba huko juu baridi yaweza kuhatarisha maisha. Mji huo uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Bondwa, kinachoukabili, kina mita 2,120 hivi. Na Kimhandu, kilicho mbali zaidi kusini, kinapita mita 2,600. Wanafunzi wanaokusudia kupiga kambi huko hawana budi kuanza maandalizi yao kwa hesabu.

Hesabu ya baridi

Hewa inayopanda mlima hupanuka kwa kuwa kanieneo hupungua, na kwa kupanuka hupoa. Kwa wastani joto hupungua kwa nyuzi 6 za Sentigredi katika kila mita 1,000. Tofauti kati ya mji na Bondwa ni mita 1,600 hivi, yaani kama nyuzi 10. Basi ikiwa usiku wa Julai mjini una nyuzi 16, kileleni huenda zikabaki 6 tu, nao upepo na mvua havimo katika hesabu hiyo.

Mvua ya Uluguru huletwa na pepo za Bahari ya Hindi. Zinapolazimika kupanda miteremko ya mashariki, mvuke wake hupoa ukawa mawingu. Mvua hiyo huulisha mto Ruvu, unaowapatia maji wakazi wa Dar es Salaam. Lakini kwa mpiga kambi ndiyo adui mkubwa. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa tulivu, hivyo nguo ya pamba iliyolowa huuondolea mwili joto upesi. Kwa sababu hiyo kila mmoja achukue sweta la sufu, koti la mvua, na nguo kavu za kulalia zilizofungwa katika mfuko usiopenya maji.

Hema na jiko

Ardhi nayo hunyonya joto. Mkeka mnene au godoro jembamba chini ya mwili lina faida sawa na blanketi juu yake. Hema lisimamishwe mbali na kingo za vijito, kwa maana mvua ya mlimani yaweza kukifurisha kijito ghafula ijapokuwa kambini hakujanyesha.

Baridi ikizidi, wengine hushawishika kuingiza jiko la mkaa hemani. Jambo hili huua. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala hufa bila kuamka.

Hali kadhalika, mapishi hubadilika. Karibu na kilele cha Bondwa maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Maharage huchelewa kuiva, na mkaa huisha upesi. Unga, mchele na dagaa hufaa zaidi. Maji ya kunywa yachemke kwa dakika 3 kamili.

Dalili za hatari

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka sana, hujikwaa, husema kwa ulimi mzito na huonekana kuchanganyikiwa. Kutetemeka kukikoma ilhali bado ana baridi, hali imekuwa mbaya zaidi. Avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe kwa nguo kavu, akingwe na upepo, na kama ana fahamu apewe chai ya moto yenye sukari. Asipewe pombe, kwa kuwa hutanua mishipa ya ngozi na kuzidisha upotevu wa joto. Kisha apelekwe hospitali bila kukawia.

Tangu 2008 msitu wa Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Kibali kiombwe kabla ya safari. Hali kadhalika atafutwe mwongozaji kutoka vijiji vya Waluguru, ajuaye njia na dalili za mvua. Mwalimu naye aandike majina ya wasafiri, njia watakayofuata na siku ya kurudi, na nakala aiache shuleni. Wakichelewa, walio nyuma watajua pa kuwatafuta.