Tiba Inayoanzia kwa Mhandisi wa Barabara

Mtu mzima akigongwa na gari dogo, aghalabu bampa humvunja mguu. Mtoto wa darasa la kwanza, kwa kimo chake, hupigwa kifuani au kichwani. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa hubeba nishati mara nne ya lile la kilomita 30, na hapo ujuzi wa daktari wa upasuaji hufika ukingoni.

Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend, kupitia mradi wa SARSAI, lilianza na yaliyo rahisi: matuta, vivuko, njia za miguu zilizotengwa na magari, hata kuhamisha lango la shule lililofungukia barabara yenye magari mengi. Utafiti ulionyesha majeruhi kupungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mradi ukatunukiwa Tuzo ya WRI Ross ya Miji.

Lakini njia ya miguu iliyogeuzwa kijiwe cha bodaboda na meza za wachuuzi (nao, kusema kweli, hawakutengewa pahala) humrudisha mtoto yuleyule kwenye lami. Mwenye kiti cha magurudumu hana hata njia hiyo: ukingo wa sentimita 15 usio na mteremko humkatishia safari palepale.