Bakuli Lililorushwa Sebuleni

Wanangu, sogeeni karibu. Leo nawasimulia habari ya Brownie Wise, mama wa Kimarekani aliyekuwa akijaza bakuli juisi ya zabibu, analifunga, kisha analirusha upande wa pili wa sebule, tena katika nyumba isiyo yake. Kabla bakuli halijatua, subirini kwanza mjue lilikotoka.

Liliundwa na Earl Tupper, mvumbuzi aliyefanya kazi ya plastiki. Alitumia poliethilini, plastiki laini inayopindika bila kuvunjika, na mfuniko akauiga kwenye kopo la rangi. Unaubonyeza katikati, unainua ukingo kidogo, hewa inatoka kwa mlio kama wa mtu aliyeshiba akapiga mbweu. Hapo bakuli limefunga kabisa. Mwaka 1946 likaingia sokoni. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, Wamarekani walikuwa wakinunua majokofu, na chakula kisichofunikwa hukauka humo. Ungedhani watu wangeligombania.

Wapi! Mabakuli yalikaa kwenye rafu za maduka. Plastiki ya siku hizo ilikuwa na sifa mbaya: inanuka, inapasuka. Na baadhi ya walionunua waliyarudisha wakilalamika kwamba mfuniko haukai. Mfuniko ulikuwa unakaa vizuri sana. Hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha pa kubonyeza. Naamini bidhaa nyingi nzuri hufia hapo hapo. Aliyeitengeneza anaijua mno, hata anasahau kwamba mwenzake anaiona kwa mara ya kwanza.

Brownie Wise alikuwa akiishi Detroit, ameachana na mumewe, akimlea mwanawe peke yake. Alikuwa ameshauza brashi na vifaa vya usafi kwa kuvionyesha majumbani, na huko bosi wake akamwambia kwamba uongozi si mahali pa mwanamke. Akayageukia mabakuli ya Tupper.

Alifanya hivi. Mama mmoja wa mtaani aliwaalika majirani nyumbani kwake, na kwa wema huo akapewa zawadi. Wageni walikuja wakiwa wanaaminiana, wakacheza michezo midogo, wakacheka. Hapo ndipo bakuli liliporuka. Hebu fikirini jinsi watu wanavyovuta miguu na kushika nguo zao wakingoja kulowa! Bakuli likaanguka, likadunda, likatulia. Halikumwaga hata tone.

Mnaona alichofanya? Hakuanza kwa kuisifu kampuni. Alijiuliza: mama huyu anaogopa nini? Anaogopa bakuli litavuja, anaogopa litapasuka. Basi hofu hiyo hiyo akaileta mbele ya macho ya wote, akahatarisha sebule nzima kuijibu. Leo ukipita mabanda ya maonyesho ya Sabasaba utawasikia wauzaji wakieleza kampuni yao ilianza lini na ina matawi mangapi, huku mteja ana swali moja tu moyoni na halijaguswa. Swali hilo ndilo la kwenda nalo kwenye meza ya mteja, liwe la bei, la uimara au la nani atakuja kutengeneza kikiharibika.

Baada ya kurusha, aliwapa wageni mabakuli mikononi. Kila mmoja alibonyeza mwenyewe, akasikia mbweu ile. Mimi napenda hatua hii kuliko hata ile ya kurusha, kwa sababu anayetazama bado anaweza kudhani ni mazingaombwe, lakini aliyefunga kwa mkono wake hana tena la kubisha.

Kisha karatasi ya oda, hapo hapo, watu wakiwa bado na furaha. Na kabla wageni hawajaaga, alitafutwa mmoja wao wa kuwa mwenyeji safari ijayo, ili awaalike majirani zake wengine. Wateja wapya wakaletwa na wateja wenyewe.

Tupper aliona mauzo yanakotoka. Mwaka 1951 aliyatoa mabakuli madukani kabisa, yauzwe sebuleni tu, na Brownie akafanywa makamu wa rais wa kampuni. Maelfu ya wanawake, wengi wao wasiowahi kupata mshahara, wakajifunza kwake kusimama mbele ya watu na kuuza. Mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la gazeti la biashara la Business Week.

Mtaniuliza aliishia wapi. Yeye na Tupper walikorofishana, na mwaka 1958 akafukuzwa. Hakuwa na hisa hata moja. Aliambulia malipo ya kama mwaka mmoja. Mwaka huo huo Tupper aliiuza kampuni kwa dola milioni 16. Nasema wazi kwamba mama yule alidhulumiwa. Mikusanyiko ya sebuleni iliendelea bila yeye, ikavuka bahari mpaka Ulaya, na wauzaji wake wakaendelea kuwabonyezesha wageni mfuniko kabla ya kutaja bei.